Tundu Katika Ramani ya Murdo

Murdo Gilchrist alisoma mita za umeme kwa miaka thelathini na mmoja, na hata leo ukimwona anavyosimama mlangoni kwa mtu, mguu mmoja mbele, kichwa kimeinama kama anayetafuta namba sakafuni, utaijua kazi yake. Ni mtu wa kimo cha kawaida, ana masikio makubwa na magoti mazuri. Magoti ndiyo fahari yake. Nilikuwa mke wake kwa miaka ishirini na miwili. Kila Jumapili nilimpaka mafuta ya kuchua magotini, kushoto kisha kulia, na sikumbuki hata siku moja aliyouliza kama na mimi ninayo.

Kwetu huku Uskoti kuna vilima mia mbili themanini na viwili vinavyozidi futi elfu tatu. Tunaviita vilima, ingawa kila mwaka vinaua watu. Na kuna watu, wazima wa akili katika mambo mengine yote, ambao hawalali usingizi mzuri mpaka wamevipanda vyote, kimoja kimoja, na kuviandika. Marehemu baba yangu, ambaye alichunga kondoo chini ya Ben Vorran maisha yake yote, alimwuliza Murdo siku alipokuja kunichumbia: "Mimi hupanda nikimfuata kondoo. Wewe humfuata nani?" Murdo alicheka kwa adabu. Alidhani mzee anatania.

Alivisoma vilima kama alivyosoma mita. Alifika, akatazama namba, akaandika, akashuka. Siku moja nilimwuliza, "Huko juu kulikuwaje leo?"

"Futi elfu tatu mia mbili na kumi na nne."

"Nimesikia. Lakini kulikuwaje?"

Akafikiri. "Dakika kumi na saba pungufu ya ile mara ya kwanza."

Kazi yangu mimi ilikuwa kusubiri. Nilimwendesha alfajiri hadi mwanzo wa njia, nikazunguka na gari hadi upande wa pili wa milima, nikakaa kwenye maegesho na supu ndani ya chupa, mvua ikipiga bati la gari, mpaka atokee kwenye ukungu akiwa na njaa. Miaka kumi na tisa nilifanya hivyo. Kusubiri nako ni kazi, ila haitolewi beji.

Moss alikuwa mbwa wangu. Alizaliwa katika uzao wa mwisho wa mbwa wa baba, jike mweusi mwenye kifua cheupe, na baba akiwa kitandani kwa ugonjwa ambao hakuinuka nao aliniwekea mapajani, akasema, "Huyu ni wako, Effie. Usimpe mtu." Sikumpa mtu. Lakini shule niliiacha mapema kuliko sheria ilivyotaka, msimu wa kondoo kuzaa, nikakusudia kurudi na sikurudi, kwa hiyo karatasi zote za nyumba zilikuwa za Murdo. Ndiye aliyempeleka Moss kwa daktari wa mifugo, ndiye aliyejaza fomu, na kwenye nafasi ya mwenye mbwa aliandika jina lake. Sikuona neno. Nilikuwa mke wake, na kijiko cha nyumbani hakiulizwi ni cha nani.

Wakati huo Murdo alikuwa amefika vilima mia moja na tisini. Ndipo akasoma mahali kwamba mtu akimaliza peke yake ni mmoja kati ya maelfu, lakini mtu akimaliza na mbwa mmoja, bega kwa bega, kimoja hadi cha mwisho, anapigiwa makofi. Akavitupa vyote mia moja na tisini kama mtu anayetupa maji machafu, akaanza upya kutoka kimoja, na Moss nyuma yake. Nami nikaanza upya kusubiri.

Ilikuwa kwenye maegesho ya namna hiyo ndipo aliponiacha. Alishuka kilimani na wenzake wa chama cha wapanda vilima, akamwingiza Moss kwenye kiti cha nyuma kama kawaida, akaja upande wa dirisha langu, akagonga kioo. Nilishusha. Nilidhani anataka supu.

"Effie," akasema, "leo nitarudi na gari la Rhona."

"Sawa. Tutaonana nyumbani."

"Hapana," akasema. "Nitarudi kwake."

Rhona alisimama nyuma yake na koti la njano na fimbo mbili za kutembelea, akiangalia viatu vyake. Alikuwa mwanachama mwenye vilima mia moja na hamsini, mwanamke mrefu, mfanyakazi wa maktaba. Murdo akafungua mlango wa nyuma wa gari langu, akamwambia Moss, "Njoo," na Moss, wa ukoo wa mbwa waliofundishwa na baba yangu kutii sauti ya mwanamume, akashuka. Nilikuwa na supu ya watu wawili. Niliinywa yote, nikaendesha kurudi.

Nilikwenda kwa mtu wa sheria mjini. Akaniomba karatasi ya mbwa. Mambo yakaishia hapo.

Basi kwa miaka mitatu nilimwona mbwa wangu kila Jumamosi akipita kijijini Kinlarig kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwanamke mwingine, pua imegandamizwa kwenye kioo. Na Murdo akasonga mbele. Mia mbili na kumi. Mia mbili na hamsini. Kwenye jarida la chama waliandika kumhusu yeye na Moss. Mimi sikutajwa, wala supu.

Alibakiza Ben Vorran kwa makusudi. Watu hao hubakiza kilima chepesi kilicho karibu na hoteli, ili rafiki wazee na wanene nao waweze kupanda kusherehekea. Kileleni, mtu akimaliza, wenzake husimama mistari miwili, huinua fimbo zao na kufanya tao kama la harusi, naye hupita chini yake hadi kwenye rundo la mawe, huyagusa, kisha wiski hufunguliwa. Yote hayo Murdo aliyapanga. Alimwagizia Moss skafu yenye namba 282 iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Kitu kimoja tu hakukipangia. Njia ya kwenda Ben Vorran inapita mbele ya geti langu.

Mara ya kwanza alipokuja kujaribu njia na Moss, mbwa alifika getini, akajipenyeza chini yake, akaja kulala mlangoni kwangu kama mtu aliyerudi kutoka sokoni. Murdo alimwita. Moss alifumba macho. Ilibidi ambebe. Mara ya pili alimfunga kamba, na Moss akalala chali katikati ya njia, mbele ya geti, miguu minne hewani, hadi postamani akasimamisha baiskeli kuuliza kama amegongwa. Nilitazama yote hayo nikiwa jikoni, nikimenya viazi. Sikumaliza viazi vile mapema.

Jumatano moja ya mwezi wa tano Murdo akabisha hodi.

"Effie."

"Mita iko palepale," nikamwambia, "nyuma ya mlango wa jikoni."

"Usianze. Nimekuja kwa amani."

"Amani yako naijua. Ina magurudumu manne, na mwanamke kwenye usukani." Rhona alikuwa ameketi garini njiani, anasoma kitabu. Sasa yeye ndiye aliyesubiri.

"Moss hapandi," akasema.

"Nimeona. Kijiji kizima kimeona."

"Ninachoomba ni siku moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Wewe tangulia tu njiani, atakufuata."

"Miaka kumi na tisa nisubiri chini, leo nitangulie juu?"

"Baadaye kuna chakula hotelini. Nyama ya kulungu."

"Hiyo hoteli naisafisha mimi, Murdo. Nyama yao naijua inatoka friji gani. Namtaka Moss."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Nikamwona anapiga hesabu. Moss alikuwa na miaka kumi na mmoja na nyonga ya kulia imeanza kumuuma. Mbwa aliyekwisha kumaliza vilima vyote ni mdomo wa kulisha tu.

"Baada ya kilele cha mwisho?" akauliza.

"Baada ya kilele cha mwisho. Na uandike. Na yule aliye garini aje ashuhudie."

Akaandika, maana kuandika ndiko anakokupenda: Siku Moss atakapokanyaga kilele cha Ben Vorran, atakuwa wa Effie moja kwa moja, na mimi sitadai tena. Akatia sahihi. Rhona akaingia, akatia sahihi yake juu ya kasha langu la mkate.

"Una jiko zuri," akasema, kwa kukosa la kusema.

"Zamani lilikuwa na mwanamume. Siku hizi lina nafasi."

Ikafika Jumamosi. Walikuja watu kumi na wanne na magari saba, wakajikusanya mbele ya geti langu. Mkubwa wao alikuwa mwenyekiti wa chama, Bwana Torquil Baird, mwenye miwani minene, ndevu nyeupe na chupa ya wiski kwenye mfuko wa nyuma. Jua lilikuwa kali. Murdo akapanda juu ya jiwe, akatoa simu, akasoma utabiri kama anayetangaza ndoa: "Uwezekano wa kilele kuwa wazi, asilimia tisini!" Wakashangilia. Kisha akaizima simu na kuitia mkobani, maana yeye hutembea kwa ramani na dira, na huwadharau wanaoongozwa na kioo.

Mimi niliangalia kondoo. Walikuwa wameshuka kutoka begani mwa kilima na kulala nyuma ya ukuta wa mawe, migongo kuelekea magharibi.

"Vaeni makoti," nikasema.

"Mama, hilo jua hulioni?" Torquil akacheka. Mwenzake mmoja alikuwa anajipaka mafuta ya jua puani.

Hatukufika kijitoni, mvua ikashuka, ikayaosha yale mafuta yakamwingia machoni. Tulipovuka kijito jua likarudi, na visubi wakatoka kwenye majani kwa maelfu, wakatuingia masikioni na puani, watu wakawa wanajipiga makofi wenyewe. Upepo ukaja ukawafagia visubi, nasi tukashukuru, kumbe ulikuwa umebeba mvua ya mawe. Moss alilowa na kukauka mara tatu kabla ya saa tano. Kila mara Murdo alisema, "Inapita, inapita," nayo kweli ilipita, ikaja nyingine. Kwetu mtu hakosei akisema hivyo.

Moss hakuhitaji kamba. Alitembea pua yake ikigusa nyuma ya goti langu. Kwenye kinamasi nilimwonyesha mahali pagumu, pale baba alipokuwa akinionyesha mimi, maana kilima kile nilikipanda utotoni kila msimu wa kukusanya kondoo, kabla Murdo hajajua kwamba kina namba. Nyuma yangu watu kumi na wanne wenye viatu vya bei mbaya walizama hadi magotini. Sikugeuka kuwaonyesha.

Karibu na juu ukungu ukatufunika. Si ukungu wa kuona miti kwa mbali, huku juu hakuna miti. Ni ukungu wa kupoteza mkono wako mwenyewe. Hapo Murdo akapita mbele na ramani, ili aongoze mwenyewe.

Nikwambie kuhusu ramani hiyo. Aliinunua mwaka tuliooana. Alikuwa ameikunja na kuikunjua kwa miaka ishirini na mitano, na pale mikunjo inapokutana katikati palikuwa pametoboka tundu la ukubwa wa yai. Kwa vile hakuwahi kuihitaji kwa Ben Vorran, hakuwahi kuona kwamba kilele chake ndicho kilichokuwa ndani ya tundu. Na wale wengine kila mmoja alikuwa na ramani yake mpya mfukoni. Lakini katika chama kile ni utovu wa adabu mkubwa kutoa ramani yako siku ya kilele cha mwisho cha mwenzio. Ni kama kuonja chumvi ya chakula cha harusi mbele ya mama wa bibi harusi. Kwa hiyo watu kumi na watatu waliojua kusoma ramani walimfuata mmoja aliyekuwa akisoma tundu.

Tukafika kwenye rundo kubwa la mawe. Ardhi ilishuka pande zote, au ndivyo ilivyoonekana kwenye ukungu.

"Ndiyo hapa!" Murdo akalia kwa sauti. Kweli, machozi yalimtoka. "Jamani, ndiyo hapa!"

Nilidhani tunapumzika. Rundo lile lilijengwa na babu yangu na wachungaji wenzake, wapate kujikinga na upepo siku za kukusanya kondoo. Nimelia nyuma yake kwa baridi nikiwa na miaka saba. Kilele chenyewe kiko mbele, unashuka kidogo kisha unapanda kama dakika kumi, kina nguzo nyeupe ya saruji ya wapima ardhi. Siku isiyo na ukungu hata mtoto mchanga angekiona.

Nikamvuta Murdo mkono. "Siyo hapa," nikasema kwa sauti ya chini, nisimwaibishe. Sijui kwa nini nilijali.

Akajibu kwa sauti ya juu. "Effie, umekaa garini miaka kumi na tisa. Leo umepanda kimoja, tayari umekuwa profesa?"

Wakacheka wote. Torquil naye akasema, "Mwache bwana afurahi, mama. Kila mtu kilele chake anakijua." Wakafunga mistari, wakainua fimbo.

Nilikuwa na ile karatasi kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi, polepole, kidole kwenye kila neno. Ilisema kilele. Haikusema rundo la babu yangu. Murdo siku moja angejua, maana mtu kama yeye hawezi kuishi na namba ya uongo, na siku hiyo angekuja kumchukua mbwa. Wakampiga Moss picha na skafu yake. Kisha Torquil akaanza hotuba, na Moss, ambaye kwenye kila kilele amezoea kupewa kipande cha jibini, akaona jibini halitoki, akaanza kubweka katikati ya sifa za Murdo.

"Mpeleke pembeni huyo," Murdo akaniambia.

Nikampeleka pembeni. Nilimpeleka pembeni kwa dakika kumi nzima, chini kidogo, kisha juu. Nyonga ilimsumbua kwenye mawe. Nilikuwa tayari kumbeba, lakini karatasi ilisema kukanyaga, kwa hiyo nilisimama kila hatua chache na kumngoja, na kumngoja mbwa yule hakukuniuma hata kidogo. Nguzo ikatokea, nyeupe kwenye weupe. Moss akaipanda ngazi yake ya chini, akaweka miguu yote minne, akanitazama. Nilikuwa na jibini mfukoni.

Nikasikia fimbo zikigonga mawe. Rhona akatoka kwenye ukungu, koti la njano linametameta kwa maji.

"Effie! Murdo anamtaka Moss kwa picha ya pili..." Akakatiza. Akaiona nguzo. Akaweka mkono juu yake, akauondoa kama aliyeungua. "Hii ni nini?"

"Unajua ni nini. Umezishika ngapi?"

"Mungu wangu. Na wale kule?"

"Wako kwenye rundo la babu yangu. Nilimwambia."

"Nilikusikia ukimwambia." Akaketi kwenye jiwe lililolowa. Akasema, "Nikimweleza, tutarudi wiki ijayo. Na inayofuata. Mpaka apate hiki. Aliniahidi, Effie. Kikiisha hiki tunakwenda kisiwani Tenerife, wiki mbili, kulala mchangani kando ya bahari. Sina magoti tena, dada."

"Usiniite dada. Dada yangu yuko Inverness na hajaninyang'anya kitu."

"Haya. Nikuiteje?"

"Usiniite. Tazama tu. Miguu ya Moss iko wapi?"

Akatazama. "Juu ya kilele."

"Mingapi?"

"Yote minne."

"Basi."

Hapo ukungu ukafunguka, ghafla, kama jirani anayeinua pazia kuchungulia na kulishusha asionekane. Kwa muda wa kupiga chafya tuliwaona wote chini yetu, wadogo, kwenye jua. Tao la fimbo limeinuliwa. Murdo anapita chini yake, mikono juu, kama bwana harusi. Torquil kwa mbali kidogo anawapiga picha. Wote isipokuwa yeye wametugeuzia migongo, na wimbo wao ulitufikia ukiwa umekatwakatwa na upepo. Kisha pazia likashuka. Rhona akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. Ana kicheko kizuri. Hilo lilinikera kuliko yote.

Tulirudi tukanyamaza, kila mmoja kwa sababu yake. Getini kwangu Murdo alinikabidhi kamba ya Moss mbele ya watu wote. "Ahadi ni ahadi," akasema, wakampigia makofi. Sijawahi kuona mtu akinipa kilicho changu kwa ukarimu namna ile.

Moss alilala mbele ya jiko langu siku mbili mfululizo. Sikumwamsha. Wiki tatu tulikuwa hivyo, na nadhani zingekuwa miaka, kama si jarida la chama.

Nilikuwa nafagia ukumbi wa hoteli nilipoliona limebandikwa ukutani, picha imejaza ukurasa mzima. Murdo chini ya tao, analia kwa furaha. Na nyuma yake, juu yake, pazuri kabisa kwenye jua, kilima kinaendelea kupanda hadi kwenye nguzo nyeupe, na kando ya nguzo kuna doa jeusi refu, doa la njano, na doa dogo jeusi lenye kifua cheupe. Torquil hakuwa amefuta miwani yake. Mtu alikwisha kuyazungushia madoa yale duara kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika: "Hongera, Moss!"

Jioni hiyo gari lilisimama getini. Murdo alishuka. Rhona alibaki ndani, akashusha kioo.

"Nipe mbwa," Murdo akasema. Hakuwa amenyoa ndevu.

"Kwa nini?"

"Kilele hakikufikiwa. Mkataba haujatimia. Moss ni wangu mpaka tufike."

"Nani hakufika?"

"Sisi."

"Sema wewe." Nikaingia ndani nikatoka na jarida, nililolibandua ukutani hotelini na pini zake. "Huyu wa njano ni nani?"

Akainama, akalisoma kama mita iliyo gizani. "Haiwezekani kujua. Ni doa."

"Doa hilo ni mimi, Murdo," Rhona akasema kutoka garini.

Kondoo mmoja alikohoa nyuma ya ukuta.

"Ulijua?" Murdo akauliza.

"Nilijua."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu kamili. Jumamosi tungekuwa kwenye ndege, kama Torquil angefuta miwani."

"Na mbwa..."

"Miguu yote minne. Nilitia sahihi yangu kwenye ile karatasi, siwezi kuila."

Murdo akapiga magoti. Yale magoti mazuri, kwenye tope la mlangoni kwangu. Akamwita mbwa kwa ile sauti iliyomshusha garini miaka mitatu iliyopita. "Moss! Moss, njoo! Kilimani!" Moss akainua sikio moja. Akamtazama vizuri, kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaweka kidevu chake juu ya kiatu changu. Watu huniambia kwamba saa kama hiyo mtu humwonea mwenzake huruma. Niliingojea. Haikuja.

Chama kilikutana. Wakabishana jioni tatu, wakaamua kwa kura kwamba Moss amemaliza na Murdo bado. Beji ikaletwa kwa posta, imeandikwa jina la Moss na anwani ya nyumba yangu. Skafu ya dhahabu naitumia kumfutia miguu akitoka nje, inanyonya maji vizuri. Murdo yuko kwenye mia mbili themanini na moja. Rhona alikwenda Tenerife peke yake, akaniletea kadi, sijui kwa nini mimi. Mbele kuna picha ya mlima mkubwa mno. Nyuma ameandika: "Kumbe huku nako wanao, tena ni mrefu kuliko vyetu vyote. Nimeugeuzia mgongo." Sikumjibu. Kadi nimeiweka juu ya kasha la mkate.

Murdo hupita hapa kila Jumamosi. Amepanda mara nne, na mara nne amekutana na ukungu begani mwa kilima na kushuka, maana sasa haliamini rundo lolote la mawe, anataka aione nguzo kwa macho. Amenunua ramani mpya. Kuniuliza njia hataki, nami simwambii bila kuulizwa.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na jua. Nilikuwa getini na Moss. Murdo alisimama, mguu mmoja mbele, akatazama juu kwa muda mrefu. Simu yake ilikuwa haishiki mtandao.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza hatimaye. "Huko juu leo kutakuwa wazi?"

Nyuma ya ukuta kondoo walikuwa wamelala wote, migongo kuelekea magharibi.

"Asilimia tisini," nikasema.

Akafungua zipu ya koti lake, akapanda.